Shamba Lililopumzika: Niliyojifunza kwa Warina Asali wa Kimaya

Mwaka 1956 mtafiti wa Brazili, Warwick Kerr, alikuja Afrika kutafuta malkia wa nyuki. Wengi aliwapata Afrika Kusini, lakini alifika pia Tanganyika, na Tabora nayo ikatoa sehemu yake. Nyuki wa Kizungu waliokuwa wakifugwa Brazili walikuwa hawaliwezi joto la kule, naye alitaka kuwachanganya na nyuki wetu apate kizazi chenye bidii ya kutengeneza asali. Mwaka uliofuata makundi 26 yaliponyoka karibu na mji wa Rio Claro, yakaingia porini na kuanza safari ya kwenda kaskazini. Kufikia 1986 yalikuwa yameshavuka mpaka wa kusini wa Meksiko. Haikupita muda yakafika rasi ya Yucatán, nchi ya Wamaya.

Mimi ni mtu wa Sikonge, mkoani Tabora. Babu yangu alitundika mizinga ya magogo miomboni, baba akatundika, na mimi nikasomea nyuki. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Hopelchén, katika jimbo la Campeche, kwa mpango wa kubadilishana mafundi wa ufugaji nyuki, nilikuta jamaa zangu wa mabawa wametangulia. Wazee wa kule walikuwa wanaijua habari hiyo. Walinieleza jinsi walivyolazimika kuhamisha mizinga iliyokuwa nyuma ya nyumba na kuipeleka mbali msituni, kuongeza moshi, na kushona mavazi ya kinga yaliyoziba kila tundu. Nyuki wanaoujaza msitu wao leo wana damu ya nyuki wa kwetu. Nilikwenda nikidhani nitafundisha namna ya kuishi na nyuki wakali. Hilo walishalijua. Kazi yangu kubwa ikawa kusikiliza.

Nianze na nchi yenyewe, maana bila kuijua nchi huwezi kumwelewa Mmaya. Rasi ya Yucatán ni mwamba wa chokaa. Udongo ni mwembamba na mawe yanachungulia kila unapokanyaga. Mvua ikinyesha, maji hayakusanyiki yakawa mto. Yanapenya kwenye nyufa za mwamba na kwenda kukaa chini. Kaskazini-magharibi mwa rasi kuna visima vikubwa vya asili, senote, vilivyojipanga kwa pete kufuata ukingo wa shimo la Chicxulub, pale kimondo kilipoipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Hopelchén iko kusini zaidi, na huko maji yako mbali sana chini ya ardhi. Watu wa kale walichimba matangi kwenye mwamba, yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, wakayapaka lipu ndani na kukinga mvua. Yapo mpaka leo katikati ya magofu. Mtu asiyekuwa na mto anajifunza kuheshimu kila tone, na heshima hiyo utaiona kwenye kila kitu anachokifanya.

Nilikaa kwa mzee mmoja mkulima ambaye kila mtu pale kijijini, hata watoto wake, alimwita Don, na mkewe akaitwa Doña. Nami nikawaita hivyo hivyo. Nyumbani walizungumza Kimaya. Kwangu walizungumza Kihispania cha taratibu ili nisipotee. Shamba la mzee lilikuwa milpa, yaani shamba la mahindi, maharage na maboga kwa pamoja, lililofyekwa ndani ya msitu. Miti hukatwa wakati wa kiangazi, ikaachwa ikauke, ikachomwa Aprili au Mei, na mvua za kwanza zikigusa majivu mbegu zinaingia. Hakuna jembe, kwa sababu jembe lingegonga jiwe kila mara. Mzee alitembea na mti uliochongoka, akatoboa tundu kwenye udongo kati ya mawe, akadondosha punje chache za mahindi pamoja na maharage na boga, akafunika kwa mguu, akasogea.

Nilivyosomeshwa, hicho ni kilimo cha kuhamahama, adui wa misitu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye vitabu vyetu na ndivyo mabwana shamba wengi wanavyosema hadi leo. Sasa tazama anachokifanya mzee. Hang'oi visiki, anakata mti juu kidogo ya ardhi ili uchipue tena. Mti mkubwa wa kule, ramón, unaotoa mbegu za chakula na majani ya mifugo, hagusi. Mkindu wa kuezekea nyumba hagusi. Anazungushia eneo njia ya kuzuia moto, na siku ya kuchoma anaangalia upepo kwanza. Mahindi yakishakomaa hayavuni yote mara moja: anapita akikunja kila bua chini ya gunzi, kichwa kinainama kuelekea ardhini, na mvua za mwisho zinateleza juu ya maganda bila kuingia ndani. Mahindi yanakauka yakiwa yamesimama shambani, na yeye huchukua ya kula kadiri anavyohitaji. Nilikunja mabua pamoja naye siku nzima. Bua likikunjwa vizuri linalia mlio mkavu lakini halikatiki. Ukilazimisha linakatika na gunzi linaanguka likaliwa na panya.

Baada ya miaka miwili au mitatu shamba linaachwa. Hapo ndipo macho yangu ya ufugaji nyuki yalipofunguka, kwa kuwa shamba lililoachwa linaanza kutoa asali. Kichaka cha kwanza kinachoota, ambacho Wamaya wanakiita hubche', hujaa majani yenye maua ya manjano yanayoitwa tajonal. Yanachanua kuanzia mwisho wa mwaka hadi Februari hivi, na nyuki wanayashambulia kwa wingi mpaka mzinga unanuka maua yenyewe. Miaka ikisogea, vichaka vinakuwa miti midogo na inaingia dzidzilche, ambayo hutoa mbochi, yaani maji matamu ya maua, kipindi cha kiangazi kikali, Machi hadi Mei, asali yake ikawa ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Halafu inafuata ja'abin na miti mingine mirefu. Kila umri wa shamba lililopumzika una maua yake na msimu wake. Mzee alikuwa anaweza kusimama njiani, akaonyesha kwa mkono, akasema pale alilima baba yake, pale alilima yeye kabla hajaoa, kule atalima mwanawe. Mimi nilikuwa naona msitu mtupu.

Msitu ule unaoonekana wa asili kabisa umepita mikononi mwa watu kwa vizazi vingi. Milpa inahama ndani yake taratibu, na nyuma yake inaacha malisho ya nyuki, kuni, nguzo za nyumba, dawa, na kulungu wanaokuja kula machipukizi. Ukimwambia mzee achague kati ya kilimo na hifadhi, hakuelewi unauliza nini. Sisemi kwamba mambo yote yanakwenda sawa: watu wameongezeka, ardhi imebana, na shamba lililokuwa likipumzika miaka ishirini sasa pengine linapumzika michache tu, na udongo unachoka. Lakini tatizo hilo ni la muda uliofupishwa. Kilimo chenyewe kina akili.

Niseme kidogo kuhusu jikoni, kwa sababu sisi wala ugali tuna la kujifunza. Doña alichemsha mahindi na chokaa jioni, akayaacha yalale kwenye maji yale, asubuhi akayaosha maganda yakatoka, ndipo yakasagwa kuwa donge la kutengenezea mikate myembamba ya tortilla. Chokaa hiyo inafungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, punje zilisafiri lakini utaalamu huu ulibaki. Maskini wa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa kula mahindi peke yake. Wamaya walikuwa wameyala kwa maelfu ya miaka bila shida hiyo. Nikiona mtu anadharau elimu ya mama asiyekwenda shule, huwa namkumbuka Doña na sufuria yake ya chokaa.

Sasa nyuki. Kando ya nyumba, chini ya banda la makuti lililo wazi pande zote, mzee alikuwa na magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine kwenye mti wa kuegemezea. Hao ni xunan kab, nyuki wasiouma wa jamii ya Melipona, ndugu wa nyuki wadogo tunaowajua Tanzania. Wamaya wamewafuga tangu enzi za kale. Mwaka 1562 padre Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya katika mji wa Maní, na vilivyosalimika duniani ni vinne tu. Kimojawapo, kilichoko Madrid, kina kurasa nzima za nyuki na miungu ya nyuki. Mzinga wa mzee haukutofautiana sana na ufugaji wa wakati ule: gogo lenye uwazi ndani, limezibwa ncha zote mbili kwa visahani vya mbao na udongo, na katikati ya ubavu tundu dogo la kutokea. Juu ya tundu palichongwa msalaba.

Nilivyoona mzinga ukifunguliwa sitasahau. Kwanza mzee aliniambia ninawe mikono na nisijipake chochote chenye harufu. Kwenye lile tundu alikaa nyuki mmoja tu, kichwa chake kimeliziba barabara. Anayerudi na chavua anampisha, kisha anarudi kuziba. Hakuna moshi, hakuna vazi la kinga. Mzee alikwangua udongo wa ncha moja taratibu kwa kisu, akakitoa kisahani. Ndani, masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yamelala mlalo katikati ya gogo, na pembeni vibweta vya asali vya rangi ya kahawia, vimebanana kama shada la zabibu. Akavitoboa kwa kijiti kimoja kimoja, kisha tukaliinamisha gogo na asali ikatiririka kwenye kibuyu kilichofunikwa kitambaa. Ni nyepesi karibu na maji, ina ukali wa mbali kama wa matunda. Mzinga mmoja hautoi zaidi ya lita moja au mbili kwa mwaka. Mara alipomaliza alifuta kila tone lililomwagika na kuziba kwa udongo mbichi bila kupoteza muda, kwa sababu harufu ya asali huvuta vinzi vidogo ambavyo vikitaga mayai ndani, kundi zima linaweza kuangamia.

Asali hiyo hawaili kama tunavyokula ya nyuki wakubwa. Wanaihifadhi kwa ajili ya kikohozi, vidonda, macho, na mama aliyejifungua. Na nyuki wenyewe hawahesabiwi kuwa mali tu. Kuna karamu inayoandaliwa kwa ajili yao, ambapo mganga wa kijiji, jmeen, anaweka mezani vibuyu vya saka', uji wa mahindi yaliyopikwa bila chokaa, na kuwaombea. Nilishiriki pia maombi ya mvua, Ch'a Chaak, mwaka mvua zilipochelewa. Meza ilijengwa kwa fito na kupambwa kwa majani; mikate ya mahindi iliyopangwa tabaka kwa mbegu za maboga ilipikwa chini ya ardhi kwenye mawe ya moto; na watoto wa kiume walifungwa kwenye miguu ya meza wakalia kama vyura, kumwita Chaak, mungu wa mvua. Nami ni Mnyamwezi. Nimelelewa na hadithi za watemi walioulizwa na watu wao kuhusu mvua. Sikuona kitu cha kigeni pale. Niliona watu wanaojua kwamba mahindi hayategemei mikono yao peke yake, na wanasema hivyo hadharani bila aibu.

Kuna siku za mapumziko nilipanda basi kwenda Mérida, na njiani ukipita kaskazini unaona dohani ndefu za viwanda vya zamani katikati ya mashamba ya mkonge. Kwenye pwani ile kuna bandari inayoitwa Sisal, jina ambalo Waingereza wanauita mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipokea Tanganyika vitoto vya mkonge alivyoviagiza Florida. Kati ya 1,000 vilifika vizima 62, na kutokana na hivyo ukaota utajiri wote wa Tanga. Mmea wa kwao ukaja kwetu, nyuki wa kwetu wakaenda kwao. Na pande zote mbili waliokata mkonge hawakutajirika. Wamaya waliwahi kushika silaha mwaka 1847 na vita vikaendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka 1901, huku wapiganaji wakipata nguvu kwenye Msalaba uliosemekana kuzungumza nao. Miaka minne baadaye wazee wetu wa kusini waliingia Maji Maji. Nilipowasimulia habari za maji ya Kinjikitile, walitikisa vichwa kama watu wanaosikia habari za ukoo.

Lakini Hopelchén niliyoiacha ilikuwa na vita vingine. Mwaka 2012 serikali iliruhusu kilimo cha soya iliyobadilishwa vinasaba kwenye rasi hii. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeamua kuwa asali yenye chavua ya mimea kama hiyo haiwezi kuuzwa huko bila kibali maalumu, na Ulaya ndiyo soko kubwa la asali ya Wamaya. Aliyewaongoza wafugaji kudai haki yao ni mwanamke wa Kimaya wa hapo hapo Hopelchén, Leydy Pech, mfugaji wa xunan kab. Hakuwa mwanasheria. Alipita kijiji hadi kijiji, akawaunganisha wafugaji na watafiti, na Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Meksiko ikasimamisha vibali, ikisema jamii za Wamaya zilipaswa kuulizwa kwanza. Mwaka 2017 kibali kikafutwa. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wanawake wa kule wanamtaja kwa fahari unayoisikia mtu akimtaja mama yake mzazi.

Ushindi ule haukurudisha msitu uliokwisha kufyekwa. Ardhi nyingi ya vijiji ni ejido, ardhi ya pamoja iliyotokana na mapinduzi ya Meksiko, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1992 imekuwa rahisi kuigawa, kuikodisha na hatimaye kuiuza. Mashamba makubwa yamesawazishwa kwa matingatinga: hakuna kisiki cha kuchipua, hakuna tajonal, na dawa za kunyunyizia zinapenya kwenye mwamba ule ule usio na kichujio hadi kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2023, nikiwa nimesharudi nyumbani, nilipokea kwenye simu picha za nyuki waliolala chini kwa malundo mbele ya mizinga. Zaidi ya mizinga 3,000 ilikufa Hopelchén kwa mara moja, na uchunguzi ukakuta fipronil, sumu ya kuulia wadudu. Niliitambua mingine kwa rangi iliyopakwa. Nililia.

Huku Sikonge na Urambo miombo inaisha kwa namna yetu. Tumbaku inahitaji kuni za kukaushia, na miti ya mtundu inachunwa magome ya kutengenezea mizinga ikafa imesimama. Katika hili la pili sisi wafugaji tuna sehemu yetu na ni lazima tulikubali. Nyuki wadogo ndio wanaoonewa zaidi, kwani warina asali wengi hukata mti mzima kupata kikombe kimoja cha asali yao. Kikundi ninachofanya nacho kazi kimeanza kukata kile kipande chenye kundi peke yake, kutoka kwenye miti iliyokwisha kuanguka au kukatwa na wengine, na kukileta nyumbani chini ya banda, alivyofanya mzee wa Hopelchén. Kina mama ndio wanaofanya vizuri zaidi, kwa sababu nyuki hawaumi na banda liko uani.

Hilo ni rahisi. Gumu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inapoeleza ardhi ya jumla, ile isiyo mikononi mwa kijiji, ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Na afisa akija na ramani kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji, shamba lililoachwa lipumzike linaandikwa kuwa halitumiki. Likishaandikwa hivyo, mwenye tumbaku au mwekezaji anaomba, na hakuna mwenye hoja ya kumkatalia. Nimeshaona Hopelchén jambo hilo linakofikia. Ndiyo maana sasa tunatembea na wazee wa kijiji chetu kwenye mashamba yote yaliyolala, tunaandika ni nani alilima na lini, maua gani yanachanua humo na mwezi gani, na mizinga mingapi inayategemea. Tunataka kila kipande kichorwe kwenye ramani kwa jina la malisho ya nyuki, na mkutano mkuu wa kijiji upige kura juu yake kabla mpango haujapelekwa wilayani.